Silikoni imegoma kuiva upande wa kalibu ya resini: mchawi ni resini, glavu au mizani?

#1 Sikio_la_Pili
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaotengeneza viungo bandia vya uso. Wakemia nao wasipite kimya.

Kazi ni sikio bandia la kulia. Sikio zima la kushoto limeskaniwa kwa skana ya mwanga, likageuzwa kama kwenye kioo, kisha kalibu ya vipande vitatu ikachapwa kwa printa ya resini, tabaka za mikroni 50. Kipande cha mbele kilipinda ukingoni, kikarudiwa kwa jasi ngumu ya meno. Viwili vya nyuma vimebaki resini. Silikoni ni ya platinamu, 10 kwa 1 kwa uzito, jumla 22 g, imetolewa hewa kwenye ombwe, ikaachwa saa 24 kwenye 23 °C.

Matokeo: uso wa mbele umeiva safi, hadi mistari ya ngozi inasomeka. Uso wa nyuma unanata kama gundi ya panya, kina cha karibu nusu milimita, na chini ya hapo imeiva. Kisha kuna kidoa kingine kinachonata mbele, kwenye ndewe, ukubwa wa ncha ya kidole. Huo ni upande wa jasi!

Resini ilioshwa kwa alkoholi ya isopropili dakika 10, ikakaa chini ya taa ya nanomita 405 dakika 30. Nani mchawi?

#2 Mpita_Njia
Hewa ni kavu mno huko. Silikoni inahitaji unyevu ili ikauke. Weka beseni la maji chumbani.

#3 Polima
#2 hapana. Unyevu unahitajika kwa silikoni ya bati, ile inayotoa alkoholi kidogo inapokaza na kusinyaa kadiri siku zinavyokwenda. Ya platinamu haihitaji unyevu wala haitoi kitu. Kundi la Si-H (silikoni na haidrojeni) linajishika kwenye kundi la vinili, platinamu inasimamia ndoa, basi. Kwa hiyo "haikauki" ni neno la kupotosha, hakuna kinachokauka. Inaiva au haiivi.

Msimamizi huyo ana maadui wanaojulikana: salfa, misombo ya bati, amini, fosfini. Akikamatwa na mmoja wao, ndoa haifungwi. Kwa maelezo ya #1, mchawi wa nyuma ni resini. Tazama kina: nusu milimita inanata, chini imeiva. Hiyo ni sura ya kitu kinachotoka ukutani kuingia kwenye silikoni, si ya mchanganyiko mbaya. Uwiano ukikosewa, hunata kote.

#4 Fundi_Nta
Nyie watoto wa printa mna haraka. Nani alisema silikoni ya mgonjwa imiminwe moja kwa moja kwenye ukungu wa resini?

#5 Mikroni
#4 ukungu ni ule unaoota ukutani au unaoshuka mlimani asubuhi. Hapa tunasema kalibu, mzee.

#6 Fundi_Nta
Haya, kalibu. Hoja iko palepale.

#7 Mzee_wa_Glavu
Mnamkimbilia resini, lakini kidoa cha ndewe kimekaa kwenye jasi. Ukubwa wa ncha ya kidole. Jamani, si kinajitaja chenyewe? Mpira wa lateksi hukazwa kwa salfa na viharakishi vya jamii ya karbameti. Ukishika jasi kwa glavu ya lateksi, hata kwa sekunde chache, unaacha alama isiyoonekana, na silikoni itaisoma kama wino. Glavu gani zilitumika?

#8 Sikio_la_Pili
Nitrili, mkuu. Za bluu. Lateksi haiingii kabisa kwenye chumba hicho.

#9 Mzee_wa_Glavu
Nitrili si leseni. Nyingi zinakazwa kwa salfa na viharakishi vilevile, ila zinaitwa nitrili. Zipo zisizo na viharakishi, lazima ziandikwe hivyo kwenye boksi. Za vinili ndizo salama zaidi kwa kazi hii, ingawa hazikai vizuri mkononi. Na usisahau koleo, vijiti vya mbao, na udongo wa kufinyangia uliozibia mshono wa kalibu. Udongo wa mafuta wa wachongaji mara nyingi una salfa. Uliziba na nini?

#10 Polima
Kwa faida ya wote, nieleze kwa nini dakika 30 za taa hazitoshi. Resini hizi ni akrileti. Oksijeni ya hewa huua radikali zinazojenga mnyororo, kwa hiyo ngozi ya juu ya kipande hubaki mbichi hata kama ndani ni mwamba. Unaongeza mwanga, ngozi inabaki mbichi, kwa sababu hewa bado ipo. Ndiyo maana wengine hukizamisha kipande kwenye maji safi au gliserini ndani ya chombo kinachopitisha mwanga, kisha ndipo wanawasha taa.

Halafu ndani ya ngozi hiyo kuna mabaki ya kianzishi, yaani kemikali inayoamshwa na mwanga ili resini igande, mara nyingi TPO au BAPO, vyote vyenye fosforasi. Fosforasi na platinamu haviivi chungu kimoja.

#11 Mwangwi
Polima nakukosoa kidogo. Platinamu inachukia *fosfini*, kwa sababu fosforasi yake ina jozi ya elektroni iliyo wazi ya kumkamata. TPO ni *oksidi* ya fosfini: jozi ile imeshashikwa na oksijeni. Ni adui dhaifu sana ukilinganisha.

Mimi ningemshuku monoma mwenyewe, yaani molekuli ndogo za resini ambazo hazijaungana. Viwanda vya silikoni huongeza kwa makusudi esta za maleiki ili mchanganyiko usiive mapema kopo likiwa mkononi. Maleati ni kifungo maradufu kilichonyimwa elektroni, kinamkalia platinamu kwa muda. Akrileti ni ndugu yake. Resini mbichi ikivuja monoma, umeongeza kichelewesho bila kujua. Mtihani ni rahisi: kama ni kichelewesho, joto litamaliza kazi. Weka sikio lenyewe kwenye oveni 80 °C saa 4. Likiacha kunata, ni kuchelewa. Likibaki vilevile, ni sumu ya kweli.

#12 Polima
#11 nakubali kuhusu oksidi, lakini kianzishi kikipigwa mwanga hakibaki oksidi nzima, kinapasuka. Vipande vyake ni vipi na vinaishia wapi? Na resini nyingi zina uretheni na amini za kuzuia umanjano. Kumtoa mmoja kizimbani hakumweki mwingine jela.

#13 Mwangwi
Sawa, ila mtihani wa oveni unabaki.

#14 Mikroni
Kabla hamjawasha oveni, mkitaka kuoka na kalibu: kipande chake chenye ukuta wa mm 2 kikipashwa 80 °C kinaweza kupinda kabla hakijatoa monoma. Angalia karatasi ya resini, kipengele cha joto la kulegea chini ya mzigo. Nyingi za kawaida zinalegea kati ya 50 na 75 °C. Ukingo wa sikio bandia unatakiwa ufe kwenye ngozi kama kisu, chini ya nusu milimita, kwa hiyo kupinda kwa mm 0.3 kunaonekana mita moja mbali.

Ushauri: chapa vishimo vitatu vya nusu duara nje ya kalibu, umbali wa mm 40.00 kutoka kimoja hadi kingine. Pima kwa kalipa kabla ya kuosha, baada ya taa, baada ya oveni. Kama umbali umebadilika zaidi ya mm 0.1, kalibu hiyo ni mapambo. Oka ikiwa imefungwa boliti pamoja na wenzake, panda taratibu hadi 60 °C, ikae saa 8, izime na ipoe humohumo. Ukiitoa ya moto inajikunja.

Na dakika 10 za alkoholi kwenye beseni moja ni kuogea maji machafu. Mabeseni mawili, la kwanza dakika 5, la pili safi dakika 5, kisha kausha angalau nusu saa kabla ya taa. Usizidishe. Alkoholi inanywewa na resini, na iliyobaki ndani itakutana na Si-H mbele ya platinamu na kutoa haidrojeni. Ukiona viputo vidogovidogo upande wa resini tu, ujue ndicho hicho.

#15 Sikio_la_Pili
Viputo vipo! Nyuma tu. Nilidhani ombwe halikutosha.

#16 Mikroni
Ombwe lisingechagua upande.

#17 Fundi_Nta
Naendelea kusikiliza mnavyosafisha, kuoka, kuzamisha na kupima vishimo. Njia yenyewe iko hivi. Chapa *sikio*, si kalibu. Lichukue kwa silikoni ya kunakilia, mimina nta, upate sikio la nta. Sikio la nta unampelekea mgonjwa, unalijaribu kichwani, unaangalia umbali kutoka kwenye fuvu, unaangalia kwa mbele kama yote mawili yanalingana, unakata, unaongeza kwa kisu cha moto. Ndipo unalizika kwenye jasi vipande vitatu, unatoa nta kwa maji yanayochemka yenye sabuni kidogo, unasuuza kwa maji safi yanayochemka, unakausha, unapakia silikoni. Jasi haina akrileti, haina kianzishi, haina mahakama.

#18 Mikroni
Na usahihi? Jasi inatanuka inapokaza.

#19 Fundi_Nta
Jasi ya meno ya aina ya nne haizidi asilimia 0.15. Sikio la mm 65 linapata mm 0.1. Hiyo ndiyo ulisema kalibu yako inaruhusiwa, au nimesoma vibaya? Tena tabaka za mikroni 50 zinaacha ngazi kwenye mkunjo wa juu wa sikio, lazima mtu azipige msasa, na msasa hauna kalipa.

#20 Mikroni
😅 Umenikamata hapo. Lakini ongeza kwamba jasi mbichi nayo ina maji, na jasi yenye maji huacha viputo na uso wenye ukungu. Ukungu wa kweli safari hii.

#21 Polima
Na kama silikoni ya kunakilia ya Fundi ni ya bati, isigusane popote na silikoni ya mwisho. Nta ikiwa katikati ni sawa. Tatizo ni mafundi wanaotumia ndoo moja, spatula moja, meza moja. Mabaki ya bati ni sumu ileile tuliyoitaja #3.

#22 Msoma_Picha
Samahani kwa kuingia kati. Kwa nini skana ya mwanga? Kama mgonjwa ameshapigwa CT (eksirei ya vipande vipande) kwa ajili ya skrubu za titani za kushikia sikio bandia, sikio la upande mzima limo humohumo kwenye picha. Kazi bure ya kuskani mara mbili.

#23 Mikroni
Limo, ila limelaliwa. Kichwa kikiwa kwenye kishikizo cha mashine, sikio mara nyingi linakandamizwa na mto au mkanda, na programu haijui kwamba huo mkunjo si wa kuzaliwa. Halafu hesabu: eneo la mm 250 likigawanywa kwa pikseli 512 ni karibu mm 0.49 kila pikseli, na vipande vya mm 1 ndivyo vya kawaida kwenye faili zinazotumwa. Kwa mfupa inatosha. Kwa mkunjo mwembamba wa sikio, kila vokseli (pikseli yenye ujazo) ya ukingoni ni nusu ngozi nusu hewa, hivyo unene unategemea kizingiti ulichochagua cha kutenganisha ngozi na hewa. Kisogeze kutoka -500 hadi -200 kwenye kipimo cha Hounsfield (kipimo cha msongamano kwenye CT) na sikio linakonda mbele ya macho yako.

CT ina kazi yake: kuonyesha skrubu zikae wapi. Umbo la ngozi chukua kwa mwanga.

#24 Msoma_Picha
Nimeelewa, ahsante. Ila CT ina milimita ndani yake. Faili la STL (la umbo) mnalochapa halina kipimo chochote, ni namba tupu. Programu moja ikidhani ni inchi na nyingine milimita, mnazidisha kwa 25.4.

#25 Mzee_wa_Glavu
Sikio la mm 65 linakuwa m 1.65. Mgonjwa anaondoka na la tembo.

#26 Bi_Rangi
Mmezungumza kurasa mbili na hakuna aliyeuliza rangi iliwekwaje. #1, kidoa kwenye ndewe: ulipaka rangi ya ndani pale kabla ya kumimina?

#27 Sikio_la_Pili
Ndiyo. Ndewe ya upande mzima ina wekundu zaidi, kwa hiyo nilichanganya silikoni kidogo yenye rangi nyekundu na nyuzi fupi za rayoni kama mishipa, nikaipaka kwa brashi kwenye jasi, kisha nikamimina ya msingi juu yake.

#28 Bi_Rangi
Basi hapo ndipo kidoa kilipo. Si kidole. Uliza hiyo rangi imesagwa kwenye nini. Oksidi za chuma zenyewe ni tulivu, lakini bandiko la rangi la wachoraji lina mafuta ya kukauka na vikausho. Kwa kiungo bandia, rangi iwe imesagwa kwenye mafuta ya silikoni peke yake. Brashi nayo, iliwahi kuingia kwenye nini?

#29 Mwangwi
"Silikoni kidogo" ni gramu ngapi, na mizani inasoma hadi wapi?

#30 Sikio_la_Pili
2 g za msingi na 0.2 za kikazio. Mizani inasoma 0.1 g. Bandiko la rangi ni la silikoni, brashi ni mpya.

#31 Mwangwi
Haya sasa. Mizani ya 0.1 ikikuonyesha 0.2, ukweli uko popote kati ya 0.15 na 0.25. Yaani uwiano wako ulikuwa kati ya 8 kwa 1 na 13 kwa 1, na wewe hujui. Kwa 22 g kosa hilo linamezwa. Kwa 2 g linakula chakula chote. Ongeza bandiko la rangi, ambalo mafuta yake hayashiki popote, na una doa laini linalonata bila sumu yoyote. Nunua mizani ya 0.01, au changanya 20 g na utupe 18.

#32 Mzee_wa_Glavu
Nzuri, ila brashi ilishikwa na mkono wenye nini? Na nyuzi za rayoni zilibanwa na vidole vyenye nini? Sijashindwa bado.

#33 Bi_Rangi
Nilipokuja, nilikuja kwa jambo jingine. Usije ukarekebisha kunata na kuharibu sikio. Wengi wakiona rangi haifanani wanaongeza titani nyeupe. Sikio hai linapitisha mwanga. Weka taa nyuma yake, linawaka jekundu. Ukijaza nyeupe unapata sikio la sanamu. Msingi uwe mwepesi, karibu uwazi, wekundu uwe wa kina, manjano na hudhurungi viwe juu. Na rangi ilinganishwe chini ya mwanga wa aina mbili, dirishani na taa ya ndani. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa sababu vitu vinavyozitengeneza vinanyonya mwanga tofauti. Ngozi inatumia damu na melanini, wewe unatumia oksidi za chuma. Mashine ya kupima rangi inapunguza ubishi, lakini tundu lake likiwa dogo juu ya kitu kinachopitisha mwanga, mwanga unapotelea pembeni na inasoma kiza kuliko jicho.

#34 Fundi_Nta
Bi Rangi umenena. Sanaa hii ilianza na wachongaji. Yule mama Mmarekani, Anna Coleman Ladd, alikuwa na karakana London wakati wa Vita vya Kwanza akiwatengenezea askari vinyago vya shaba, na rangi alikuwa akiipaka kinyago kikiwa usoni mwa mwenyewe.

#35 Msoma_Picha
Ladd alikuwa Paris, chini ya Msalaba Mwekundu wa Marekani. London alikuwa Francis Derwent Wood, mchongaji pia, na ndiye aliyemtangulia.

#36 Fundi_Nta
Kweli, nimewachanganya. Shaba ilikuwa haina maadui wa platinamu, hata hivyo.

#37 Polima
Turudi. #1, sikio linashikwa na nini kichwani? Sumaku?

#38 Sikio_la_Pili
Sumaku tatu, ndani ya kibati cha akriliki (kisahani cha plastiki kinachozishika, si bati). Kibati kiko ndani ya silikoni, upande wa nyuma, kama mm 1 kutoka juu.

#39 Polima
Akriliki ya kuoka au ya baridi?

#40 Sikio_la_Pili
Ya baridi.

#41 Polima
Akriliki ya baridi, unga na maji yake, huwashwa kwa kuchanganya peroksidi na amini. *Amini*. Rudi #3 uone orodha ya maadui. Kibati kiko nyuma, kunata kuko nyuma. Inawezekana tumemtukana resini kwa posti thelathini bila kosa.

#42 Mwangwi
Lakini kina kinapingana nawe. Ungekuwa kibati, kunata kungeanzia kwenye kibati kwenda nje. Yeye anasema kunaanzia kwenye ukuta kwenda ndani.

#43 Polima
Kwa mm 1 tu, nusu ikinata kutoka huku, unajuaje imetoka huku na si kule? Akate kipande.

#44 Mikroni
Asikate, afanye matone. Safisha kioo kwa asetoni. Panga juu yake: kipande cha resini kilichooshwa tu, cha resini kilichookwa, cha resini kilichopakwa lakki ya akriliki mara mbili, kipande cha jasi kavu, kipande cha kibati cha baridi, kidole kilichokatwa kwenye glavu yenyewe, na sehemu ya kioo tupu. Changanya 20 g mara moja, mizani nzuri. Weka tone la unene wa mm 3 kwenye kila kimoja. Likiwa jembamba kuliko hapo lote litanata na hutaona mpaka. Baada ya saa 24 ng'oa kila tone na uguse upande wa *chini*. Kioo tupu kikinata, acha yote, tatizo ni mchanganyiko.

Lakki ina bei yake: inajaza mistari ya ngozi. Ipake nyuma tu.

#45 Sikio_la_Pili
Ahsanteni, nafanya leo.

#46 Sikio_la_Pili
Majibu, saa 26. Kioo safi: limeiva. Jasi: limeiva. Resini iliyooshwa: linanata. Resini iliyookwa 60 °C saa 8: limeiva, ila pembeni kuna utando laini. Lakki: limeiva. Kibati cha baridi: linanata, kidogo kuliko resini. Glavu: linanata kabisa, ni maji.

Sikio la kwanza niliweka oveni 80 °C saa 4 kama #11. Nyuma kumepungua kunata, hakujaisha.

#47 Mzee_wa_Glavu
Maji! Na mlikuwa mnanicheka.

#48 Mwangwi
Hakuna aliyecheka. Ila glavu haikulala saa 24 kwenye ndewe, iligusa tu. Rudia tone kwenye jasi iliyobonyezwa na glavu sekunde 5, lingine kwenye jasi yenye rangi yako kwa uwiano sahihi. Na "kumepungua, hakujaisha" maana yake vyote viwili vimo, kichelewesho na sumu.

#49 Polima
Au maana yake resini na kibati vyote vimo. Kibati kingine kitengeneze kwa akriliki ya kuoka, au hicho hicho kichemshe kwenye maji, kikaushe, kisha kipake praima ya silikoni. Tone jipya juu yake pia.

#50 Fundi_Nta
Jasi limeiva, nimeona. Nangoja tu.